Wiki Moja au Tatu? Ulinganisho wa Njia za Kujitolea kwa Muda Mfupi katika Jamii za Maisha Rejeshi

Watu wengi wanaotafuta mahali pa kujitolea katika jamii ya maisha rejeshi huanza kwa kulinganisha picha: nyumba za udongo, bustani iliyonawiri, watu wanaocheka wakiwa wamezunguka meza moja ndefu. Picha hizo hufanana mno, kiasi kwamba haziwezi kumsaidia mtu kuchagua. Mimi ningemshauri aanze na kalenda yake mwenyewe, kwa sababu idadi ya siku alizonazo huamua karibu mambo mengine yote: aina ya jamii inayomfaa, kazi atakayopewa, fedha atakazotumia, na iwapo kuwapo kwake kutawapunguzia wenyeji mzigo au kutawaongezea.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Jamii ya maisha rejeshi ni kundi la watu wanaoishi pamoja kwenye ardhi moja kwa nia ya kuiacha ikiwa na rutuba, maji na uhai zaidi kuliko walivyoikuta. Katika kilimo, wazo hilo lilienezwa miaka ya 1980 na Mmarekani Robert Rodale, aliyeona kwamba haitoshi kuidumisha ardhi katika hali yake ikiwa tayari imechoka. Vijiji vya ikolojia, ambavyo vina mwelekeo wa karibu na huo, viliunda mtandao wao wa kimataifa, GEN, mwaka 1995. Ndani ya kundi hili pana utakuta shamba la familia mbili lenye umri wa miaka mitatu na utakuta pia kijiji cha watu zaidi ya mia moja chenye jiko la pamoja, karakana na ofisi ya wageni. Kuviita vyote kwa jina moja ni sawa, lakini kuvitarajia vikupokee kwa namna moja ni kosa.

Kwa mtu mwenye siku chache, njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kubadilishana kazi kwa chakula na malazi, hasa katika mashamba madogo na miradi michanga. Ya pili ni kuingia katika programu rasmi ya wageni ya jamii iliyokwisha kukomaa. Ya tatu ni kulipia kozi inayochanganya mafunzo na kazi za mikono. Nitakaa zaidi kwenye mbili za kwanza, kwa kuwa ndizo watu huzichanganya.

Shamba dogo na mradi mchanga

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1971, Sue Coppard, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya ukatibu London, alianzisha utaratibu wa wakazi wa mjini kwenda kufanya kazi mwisho wa wiki katika mashamba ya kilimo hai. Utaratibu huo ndio uliokua na kuwa mtandao wa WWOOF. Siku hizi mgeni wa mtandao huo kwa kawaida hufanya kazi saa 4 hadi 6 kwa siku, naye hupata chakula na mahali pa kulala. Mtandao wa Workaway, unaohusisha pia kazi zisizo za shamba, huelekeza takriban saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hakuna mshahara, na mara nyingi hakuna ada ya mwenyeji. Unachogharimia ni uanachama wa mtandao, nauli na bima yako.

Uzuri wa shamba dogo ni ukaribu. Unakula na watu wanaofanya maamuzi, unaona madaftari yao ya kupanda, unasikia wakibishana kuhusu bomba lililopasuka. Katika wiki mbili unaweza kuelewa uchumi mzima wa mahali hapo, jambo ambalo katika kijiji kikubwa lingekuchukua miezi. Kazi nayo hubadilika kila siku, na mtu mwenye ujuzi halisi, awe fundi seremala, fundi umeme au mtu anayejua kutunza mizinga ya nyuki, huthaminiwa mara moja.

Ubaya wake unatokana na ukaribu huohuo. Kiswahili kina methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika mashamba haya jembe hutolewa siku ya kwanza, na hapo ndipo hesabu huharibika. Nakumbuka nilivyopewa tuta la kupalilia asubuhi yangu ya kwanza mahali fulani. Nilifanya kazi kwa bidii hadi jua likawa la utosi, nikajivunia tuta lililobaki safi kama limefagiwa. Mwenyeji alipokuja alichuchumaa, akachukua jani moja jembamba kutoka kwenye lundo langu la magugu, akalifikicha kwa vidole na kunipa ninuse. Ilikuwa harufu ya karoti. Nusu ya tuta ilikuwa imeng'oka, na karoti huchukua wiki 2 hadi 3 kuchomoza tu. Hakunigombeza. Lakini jioni ile alikaa saa nzima kunionyesha miche mingine yote ya bustani, saa ambayo angeitumia kufanya kazi yake, na mimi nilibakiwa na siku tano tu za kumlipa.

Kisa hicho kinaeleza kwa nini wenyeji wengi wenye uzoefu hawapokei mtu wa chini ya wiki mbili. Hawana majivuno, wamepiga hesabu. Siku tatu za kwanza za mgeni ni gharama yao, na anayeondoka siku ya saba huwa ameanza tu kurudisha alichopewa. Mradi mchanga unaokubali mtu yeyote kwa siku zozote, bila maswali, unapaswa kukutia shaka kidogo: ama haujawahi kupokea wageni, ama unategemea mikono ya bure kiasi kwamba haujali nani anakuja. Hali hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mahali pa namna hiyo saa 5 hugeuka kuwa 8, siku ya mapumziko huahirishwa, na kila malalamiko hujibiwa kwa kutaja uokoaji wa dunia.

Jamii iliyokomaa na programu yake ya wageni

Jamii zilizodumu miongo kadhaa zilijifunza somo la karoti zamani, zikaweka taratibu. Twin Oaks, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ina kipindi cha wageni cha wiki 3. Wanachama wake hufanya kazi takriban saa 40 kwa wiki, lakini katika saa hizo huhesabiwa pia kupika, kulea watoto na kufanya usafi, na mgeni huingizwa katika mfumo huohuo wa saa. Dancing Rabbit, iliyoanza mwaka 1997 huko Missouri, ina masharti ya ikolojia ambayo kila mkazi huyakubali, likiwemo la kutotumia gari binafsi. Wakazi hushirikiana magari machache ya pamoja. Sieben Linden nchini Ujerumani, iliyoanza pia mwaka 1997, inajulikana kwa nyumba zake zilizojengwa kwa marobota ya nyasi kavu. Tamera, kusini mwa Ureno, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilianza mwaka 2007 kuchimba mabwawa ya kuhifadhi maji ya mvua kwa ushauri wa Sepp Holzer, mkulima wa Austria, katika eneo lililokuwa likikauka. Huko mgeni anaweza kutembea juu ya ukingo wa bwawa na kuona kwa macho yake maana ya neno rejeshi.

Faida kubwa ya jamii za aina hii ni kwamba mgeni si mtu wa dharura. Kuna mratibu wa wageni, kuna ratiba ya zamu, kuna maelezo ya siku ya kwanza kuhusu vyombo, vyoo na mipaka. Kazi atakazopewa zimechaguliwa kwa kuwa zinaweza kufanywa na mtu asiyejua lolote, na kosa lake haliwezi kuua msimu mzima. Kwa mtu anayejiuliza iwapo siku moja angeweza kuishi katika jamii ya pamoja, njia hii haina mshindani, kwa sababu inamwonyesha mambo ambayo shamba la familia mbili halina: mikutano, kamati, migogoro inayosuluhishwa kwa utaratibu, na uchovu wa kuonana na watu walewale kuanzia kifungua kinywa hadi usiku.

Kuhusu mikutano, msomaji ajiandae. Jamii nyingi huamua kwa maafikiano, na baadhi hutumia sosiokrasia, mfumo ulioendelezwa na Mholanzi Gerard Endenburg, ambapo swali kuu haliwi kama kila mtu anapenda pendekezo, bali kama kuna mwenye pingamizi lenye msingi. Mgeni wa wiki mbili kwa kawaida huruhusiwa kusikiliza tu, na mara nyingine hata hilo haliruhusiwi. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba huko ni kutengwa. Sikubaliani nao. Aliyefika juzi na atakayeondoka keshokutwa hawezi kuwa na sauti sawa na mtu atakayeishi na uamuzi huo miaka kumi.

Hasara ni kwamba unaweza kukaa wiki mbili nzima ukiosha sufuria na kutandaza matandazo ya majani juu ya udongo bila kuzungumza kwa undani na mkazi hata mmoja. Wakazi wameaga wageni mamia, nao hujilinda. Wema wao ni wa kweli lakini una kikomo. Zaidi ya hayo, jamii nyingi za namna hii humtoza mgeni kiasi fulani kwa chakula na malazi hata kama anafanya kazi. Anayekasirishwa na ada hiyo arudi kwenye hesabu ya siku tatu za kwanza, ataona ilikotoka. Pia asidhani kwamba umri wa jamii ni dhamana ya programu yake: Findhorn ya Uskoti, iliyoanza mwaka 1962 na kupokea maelfu ya wageni, iliona taasisi yake kuu ya mafunzo ikisitisha kozi zake mwaka 2023. Hakikisha kwamba unachokisoma ni tangazo la mwaka huu.

Kozi ya kulipia

Hapa sitakawia. Kozi inayojulikana zaidi ni ile ya usanifu wa pamakalcha (permaculture), yaani kupanga shamba na makazi kwa kuiga mifumo ya asili, mfumo uliobuniwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren. Kiwango chake cha kawaida ni saa 72 za mafunzo, ambazo mara nyingi hukamilishwa katika wiki mbili za kukaa palepale. Wewe ni mwanafunzi mwenye risiti, ratiba inajulikana, na mwalimu anawajibika kwako. Anayetaka maarifa yaliyopangwa ili akayatumie kwenye ardhi yake apite njia hii bila kuona haya. Ila asiiite kujitolea, na asishangae akigundua kwamba mikono yake imeshika kalamu zaidi ya sepetu.

Kazi inayoingia ndani ya siku zako

Tukirudi kwenye kalenda, kipimo ninachokiamini zaidi cha kulinganisha sehemu mbili ni kazi itakayokuwa ikiendelea wiki utakayokuwepo. Udongo una mwendo wake. Lundo la mboji ya moto hupanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi ndani ya siku chache, hugeuzwa mara kadhaa, kisha huhitaji wiki au miezi kutulia kabla ya kutumika. Mche wa mti utahitaji miaka kabla ya kutoa kivuli. Mwenye siku kumi ataona kipande kimoja tu cha mambo hayo, na ni vyema kipande hicho kiwe na mwanzo na mwisho.

Ujenzi wa udongo ni mfano mzuri. Unatandika turubai chini, unamwaga udongo wa mfinyanzi na mchanga, unaongeza maji, kisha unavua viatu na kuanza kukanyaga. Mchanganyiko ukianza kushikana, watu wawili hushika ncha za turubai na kulivuta ili tope lijikunje kama mkate, na kukanyaga kunaanza upya, safari hii na nyasi kavu zikirushwa juu kidogo kidogo. Ili kujua kama limeiva, unaviringisha tonge la ukubwa wa ngumi na kuliangusha kutoka usawa wa kifua: likitapakaa, maji ni mengi, likivunjika vipande, halijashikana, likitua na kubaki tonge, linafaa ukutani. Mtu yeyote hujifunza hayo kwa saa moja, na jioni anaweza kuonyesha sehemu ya ukuta aliyoijenga. Kuchimba makinga maji nako ni kazi ya namna hiyo, na hapa nina jambo dogo la kujivunia: wataalamu wa uhifadhi wa udongo duniani, hata wasiojua Kiswahili, huita aina mojawapo ya makinga hayo fanya juu, kwa kuwa udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro. Kutandaza matandazo, siku za kupanda miti kwa wingi na siku za kuvuna pia humfaa mgeni wa muda mfupi.

Kinyume chake ni kazi zinazohitaji macho yaleyale kila siku: kitalu cha miche, mifugo ya maziwa, kuchagua mbegu, kupogoa miti ya matunda, na zaidi ya yote watoto. Sehemu inayomkabidhi mgeni wa siku saba kazi ya kulea watoto inafanya uamuzi mbaya kwa ajili ya watoto hao, hata kama mgeni mwenyewe ni mtu mwema.

Mambo yanayosahaulika hadi mizigo imefungwa

La kwanza ni sheria ya kuingia nchini. Nchi nyingi huhesabu chakula na kitanda unavyopewa kwa ajili ya kazi kuwa ni malipo, kwa hiyo viza ya utalii inaweza isitoshe, na kumwambia ofisa wa mpakani kwamba hulipwi fedha hakutakusaidia. Uingereza, kwa mfano, humruhusu mgeni wa kawaida kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa; shamba binafsi haliingii hapo. Kwa upande huu, jamii iliyokomaa na yenye usajili huwa ni chaguo salama kuliko shamba dogo, na kozi ina masharti yake yenyewe.

La pili ni mwili. Kazi ya udongo na zana zenye kutu inataka chanjo ya pepopunda iwe hai, na kinga hiyo huhitaji kuongezewa nguvu takriban kila miaka 10. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigharimii ajali ya kazini, hata kazi isiyo na mshahara, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kupanda ngazi au kushika msumeno.

La tatu ni dogo lakini huleta aibu. Maji ya bafuni katika jamii nyingi za aina hii huchujwa kwa mimea kisha huenda bustanini, hivyo sabuni na shampuu zako zitaishia kwenye mizizi ya chakula cha wenyeji. Wengi huomba uje na sabuni inayooza kwa urahisi, isiyo na klorini. Choo cha mboji nacho kina adabu yake: vumbi la mbao baada ya kila matumizi, na kisitupwe humo kitu kisichooza. Sehemu ikikuandikia mambo haya kabla hujafika, ihesabie alama. Maana yake ni kwamba imeshapokea wageni na imejifunza kutokana nao.

Kwa hiyo, nani aende wapi?

Mwenye wiki moja asiende shamba dogo, isipokuwa ana ujuzi wa fundi na amekubaliana na mwenyeji kuhusu kazi moja mahususi, kwa mfano kufunga mfumo wa kuvuna maji ya paa. Vinginevyo atafute wiki ya kazi za pamoja katika jamii iliyokomaa, akubali kulipa anachoombwa, na asitarajie urafiki wa kudumu. Mwenye wiki mbili na shauku ya kujifunza usanifu wa ardhi alipie kozi. Mwenye wiki mbili ambaye anataka kutoka jasho zaidi ya kusoma anaweza kwenda popote kati ya sehemu mbili za kwanza, na kitakachoamua ni tabia yake: anayechoka haraka na watu wengi achague shamba, anayehofia kukwama na mwenyeji mmoja mwenye hasira achague kijiji.

Wiki tatu na kuendelea ndipo shamba dogo linapozidi kijiji, kwa maoni yangu, kwa sababu wiki ya tatu ndiyo ambayo mwenyeji huacha kukuonyesha na kuanza kukuuliza. Kwa anayepima maisha ya jamii kwa ajili ya kuhamia, wiki hizohizo tatu azipeleke kwenye programu ya wageni, hata kama shamba linamvutia zaidi.

Ukishachagua, barua yako ya kwanza kwa wenyeji isiwe ya kusifia maono yao, kwa kuwa wameshazisoma nyingi. Waulize kazi gani imepangwa wiki utakayokuwepo, saa ngapi kwa siku na siku gani ni ya kupumzika, utalala peke yako au na wengine, nani wa kumwendea jambo likienda vibaya, na kama unaweza kuzungumza na mgeni aliyewahi kukaa hapo. Kisha waulize nani atakayeendeleza kazi yako utakapoondoka. Mwenyeji mzuri hulijibu swali hilo bila kusita, mara nyingi kwa kutaja jina la mtu na tuta lenyewe.